Jogoo wa kijivu kwa matetea wa madoa, vifaranga wote weusi! Naomba ushauri

Tetea Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Nafuga kuku nyuma ya nyumba miaka sasa, kwa ajili ya mayai tu, ila kuna wazo limenikaa kichwani na haliniachi.

Nina jogoo mmoja wa kijivu cheupe, kijivu cha majivu yaliyopoa. Yuko sawasawa kuanzia shingoni hadi mkiani, hakuna sehemu iliyokoza kuliko nyingine. Nina pia matetea wanne weusi wenye madoa, yaani unyoya mweusi na nchani kadoa keupe. Nikawaza, nikiwachanganya hawa nitapata kuku wa kijivu mwenye madoa meupe. Sijawahi kumwona wa hivyo kwa macho yangu na namtamani kweli.

Nikawatenga, nikakusanya mayai, nikaweka kwenye mashine. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 19. Leo wana miezi minne na wote ni weusi. Wote! Wa kijivu hakuna hata mmoja. Madoa ni ya kutafuta, wachache wana ncha nyeupe moja au mbili. Halafu majogoo wawili wameanza kutoa wekundu shingoni.

Je, jogoo wangu ana kasoro? Niwaondoe hawa weusi nitafute jogoo mwingine wa kijivu? Jirani ameniambia kijivu kikikutana na cheusi kinakufa moja kwa moja. Nimevunjika moyo kidogo, nisaidieni.

Banda Dogo

Pole mkuu. Jogoo hana kasoro. Kijivu ni ile rangi wafugaji wanaita bluu: nakala moja ya jeni inageuza weusi kuwa kijivu, nakala mbili zinatoa kuku mweupe aliyetapakaa matone ya kijivu. Bluu kwa mweusi unapata nusu bluu na nusu weusi. Umekosa bahati tu, rudia mayai.

Mzee wa Vishungi

Banda Dogo, ulichoeleza kuhusu bluu ni sahihi, ila jogoo huyu si bluu. Kama angekuwa bluu, kila yai lingekuwa na nafasi nusu ya kutoa kifaranga wa kijivu. Vifaranga 19 kutoka weusi wote kwa nafasi ya nusu ni tukio la mara moja katika zaidi ya 500,000. Bahati mbaya haifiki huko.

Soma tena alivyomwelezea: kijivu cheupe, sawasawa mwili mzima. Jogoo wa bluu huwa amekoza shingoni na mgongoni, karibu na weusi, na manyoya ya kifuani yana ukingo mweusi. Huyu ni lavenda. Ni jeni nyingine kabisa, yenye tabia ya kujificha. Kuku haonyeshi lavenda mpaka awe na nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Matetea wako hawakuwa nayo, kwa hiyo kila kifaranga alipata nakala moja ya baba na akabaki mweusi.

Sasa sikiliza, dada (au kaka, samahani): madoa nayo ni hivyo hivyo. Nayo hujificha, nayo yanataka nakala mbili. Jogoo wako hana. Kwa hiyo kila mmoja kati ya hao 19 amebeba lavenda moja na madoa moja, na huioni hata moja. Zile ncha moja mbili nyeupe si ajabu kwa aliyebeba nakala moja ya madoa. Ukiwaondoa hawa unarudi mwanzo, na jogoo mwingine wa lavenda atakupa weusi wale wale.

Kijivu hakijafa. Kimelala.

Tetea Mweusi

Ni dada 🙂 Mzee wangu, nimesoma jibu lako mara tatu. Nilishakubaliana na mtu aje kuwachukua Jumamosi, nimempigia nikaghairi. Sasa nifanye nini?

Mzee wa Vishungi

Wapandishe wao kwa wao. Chora jedwali la Punnett, yaani visanduku vya kupanga jeni za baba na za mama: robo ya vifaranga watakuwa lavenda, robo watakuwa na madoa, na robo ya robo, yaani 1 kati ya 16, watakuwa na vyote viwili. Huyo ndiye unayemtaka.

Ila watu wengi hukwama kwenye hesabu. 1 kati ya 16 haimaanishi ukitotolesha 16 unampata. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja unahitaji vifaranga 47. Ungekuwa unatafuta rangi moja tu iliyojificha, 11 wangetosha. Ukitaka tatu kwa mpigo unaenda kwenye 190, ndiyo maana huwa nasema rangi mbili kwa wakati mmoja zinatosha kwa mtu wa banda la nyumbani.

Wale majogoo wawili wenye wekundu usiwatumie. Weusi wa msingi wao haujafunika vizuri, na wekundu huo ukiingia kwenye lavenda unageuka rangi ya majani makavu. Utahangaika nao vizazi vingi.

Mama Vifaranga

Dada, usiogope hiyo 47. Si lazima ulee wote mpaka wakubwe. Kifaranga wa lavenda anajulikana siku anayotoka: malaika yake ni ya kijivu kilichopauka, wenzake ni weusi wenye tumbo la njano au jeupe. Kwa hiyo kwenye 48 utabaki na kama 12 wa kijivu. Hao walee kwa makini, watatu hivi ndio watakuwa na madoa. Weusi wafuge kwa mayai au wagawe.

Je, uliandika yai lipi ni la tetea yupi?

Tetea Mweusi

Sikuandika. Wote wanne walitagia sehemu moja.

Mama Vifaranga

Basi awamu hii haitawezekana kujua, ila anza sasa. Hao 19 ni watoto wa baba mmoja na mama wanne. Ukimchanganya jogoo na tetea wa mama tofauti, ukaribu wa damu ni nusu ya ule wa ndugu wa baba na mama mmoja. Ndugu wakizaliana vizazi vingi, cha kwanza kuporomoka ni utotoaji na nguvu za vifaranga, na rangi nzuri haisaidii hapo. Kwa hiyo kuanzia kizazi kijacho, kila tetea na kiota chake siku za kukusanya, penseli kwenye yai, pete ya rangi mguuni.

Jambo jingine: watoe matetea wadogo kwa baba yao leo. Tetea anatunza mbegu za jogoo mwilini wiki mbili na zaidi. Ukishawatenganisha, subiri wiki nne ndipo ukusanye mayai ya kutotolesha.

Banda Dogo

Nakubali nilikosea, asante Mzee. Kwa nini asimrudishe tetea mweusi kwa baba yake? Nusu ya vifaranga wangekuwa lavenda.

Mzee wa Vishungi

Wangekuwa, lakini hakuna hata mmoja angekuwa na madoa. Nusu wangeyabeba kwa siri, na kuwajua ungelazimika kuwapandisha tena. Kizazi kizima zaidi, na damu ya baba inazidi.

Nimefurahi pia kwamba alianza na weusi. Lavenda ikizalishwa kwa lavenda mfululizo, baadhi ya kuku huota manyoya dhaifu, ya mkiani na mbawani yanachanika kama uzi. Wafugaji huirudishia damu nyeusi yenye manyoya imara. Yeye amefanya hivyo bila kujua. Ukichagua, dada, angalia mkia kwanza, madoa baadaye.

Kanga wa Jioni

Samahani kudandia uzi. Mimi nina matetea weusi wa mistari, ile ya kupishana nyeusi na nyeupe. Nikitumia jogoo wa lavenda nami nisubiri vizazi viwili?

Mzee wa Vishungi

Lavenda yenyewe, ndiyo. Ila mistari haijifichi, na imekaa kwenye kromosomu ya jinsia, ile inayoamua kifaranga awe jogoo au tetea. Tetea anawapa watoto wake wa kiume tu. Kwa hiyo vifaranga wako wa kwanza watakaokuwa na doa jeupe kichwani ni majogoo, na ndio watakaotoka na mistari. Matetea watakuwa weusi watupu. Usiwatupe, wamebeba lavenda.

Tetea Mweusi

Nimewatenga jioni hii. Matetea weusi tisa, na jogoo mmoja asiye na wekundu na mwenye mkia mzuri kuliko wote. Nimenunua pete. Swali la mwisho: hao wa kijivu wakitoka, nijue lini nani ana madoa?

Mama Vifaranga

Usihukumu kwa manyoya ya kwanza. Kifaranga asiye na madoa anaweza kuwa na weupe mbawani, kisha ukapotea. Subiri avae manyoya ya ukubwani, karibu miezi sita. Na atakayekuwa na madoa machache usimwache, huongezeka kila mwaka anapobadilisha manyoya. Tuwekee picha siku hiyo, tafadhali.