Soba hausi katikati ya makazi: tuipokee au tuikatae?

Mkazi wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limetugawa hapa mtaani, Pasua, Moshi. Watu fulani wamekodi nyumba yenye geti na vyumba vingi, wanataka kuifanya soba hausi ya wanaume wanaoacha unga (heroini) na pombe. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, ukaishia kwenye kelele. Wenye nyumba za kupangisha wanasema wapangaji watahama. Wengine wanasema mateja wataiba mpaka kamba za kuanikia nguo.

Mimi naunga mkono, wala si kwa huruma. Vijana hao tunao tayari. Wanashinda sokoni Mbuyuni wakibeba mizigo, jioni wanatafuta kete za unga. Aliye ndani ya geti, anayeamshwa alfajiri afagie uwanja kisha aingie kikaoni, simwogopi kama ninavyomwogopa anayepita dirishani kwangu saa nane usiku akiwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga. Tubanane nao kwenye masharti: wamesajiliwa? Watakaa wangapi? Usiku analala nao nani? Mnasemaje?

Baba Junior
Unaongea hivyo kwa kuwa hampakani. Mimi na hiyo nyumba ukuta ni mmoja, na nina mabinti wanaorudi tuisheni giza limeingia. Sipingi watu kutibiwa, ila kwa nini hapa? Kuna mashamba huko Kahe, kuna migombani Kibosho, hewa safi, wakalime. Halafu mwenye nyumba anayekula kodi anaishi Dar, yeye hasikii chochote.

Nina Nafuu
Baba Junior, mimi nimekaa soba, tena ya porini kama unayoitaka. Tulikuwa salama kabisa mpaka siku ya kutoka. Kule hakuna anayekupitishia kete, sasa kukataa utajifunzia wapi? (Na huko migombani mbege, pombe ya ndizi, iko kila kona, labda hujapanda siku nyingi.) Nikashushwa stendi na begi langu, wa kwanza kunipokea ni wale wale.

Kuna kitu wengi hawakijui. Ukikaa miezi bila unga, mwili unapoteza uzoefu. Ukirudia kipimo chako cha zamani, kinakuua. Kuna mwenzangu tuliyekuwa tunakula sahani moja, tulimzika kwa namna hiyo, wiki chache baada ya kutoka akiwa amenawiri, ndugu wanashangilia. Ndiyo maana baada ya soba inatakiwa nyumba ya kati: unalala pale, mchana unakwenda kibaruani, jioni unarudi kikaoni na mkojo unapimwa. Hiyo huwezi kuiweka Kahe wakati kazi ziko soko la Memorial na stendi.

Dada wa Wodini
Mnazungumza kana kwamba kilevi ni kimoja. Arosto ya heroini inatesa, mtu anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma mpaka analia, lakini mara nyingi haiui. Wa kuogopwa ni wa gongo. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, ukimkatia ghafla, ndani ya siku mbili anaweza kuanguka degedege, siku ya tatu anaona wadudu ukutani na hajui yuko wapi. Huyo aanzie hospitali, asitupwe kwenye godoro akaombewe. Methadoni nayo, dawa ya kutuliza arosto iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya heroini na jamii yake tu, na kwa kawaida inanywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mnywa gongo au mla mirungi haimsaidii.

Kwa hiyo waulizeni: mtu akiingia, anapimwa na nani? Wakijibu "tuna mchungaji", nitawapinga pamoja na Baba Junior.

Mama D
Nililipia mwanangu sehemu fulani, si Moshi. Miezi ya mwanzo sikuruhusiwa kumwona, eti utaratibu. Nilipokuja kuruhusiwa nikakuta alama za mnyororo kwenye kifundo cha mguu. Jirani wa karibu alikuwa shamba la mahindi. Mnaotaka zipelekwe mbali mnisikie: mtaani mtu akilia usiku kuna atakayeuliza.

Mkazi wa Pasua
Pole sana, Mama D. Ingekuwa juu yangu, ndugu wangeingia hata bila kutoa taarifa. Sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nyumba hizi ziko chini ya usimamizi wake, na simu yao ya bure ni 119. Jumapili namwomba mwenyekiti awaite wahusika waje na karatasi zao, pamoja na jina la kituo cha afya watakachopeleka wagonjwa. Dada wa Wodini, ukipata nafasi njoo, hilo swali lako uwaulize mwenyewe.

Baba Junior
Wakileta karatasi nitakaa nisikilize. Ila huyo mwenye nyumba wa Dar naye aje, asitume dalali.