Mjadala: Mwanamke aliyeingiliwa gerezani aanzie kwa mkuu wa gereza au nje ya ukuta?

Jiwe Juu ya Jiwe (mleta mada, Nyegezi, Mwanza)

Wadau, naleta mada tunayoikwepa. Mwanamke yuko gerezani, awe mfungwa au mahabusu, na askari anamwingilia kwa nguvu au kwa vitisho. Sheria si butu kama watu wanavyodhani. Kifungu cha 130(3) cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja waziwazi mtumishi wa mahali pa kizuizi anayetumia nafasi yake kumbaka mwanamke aliyewekwa humo. Adhabu ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30, na juu yake mahakama huamuru fidia. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa.

Tatizo ni kwamba ufunguo wa kila mlango wa kufikia vifungu hivyo uko kwenye ofisi ileile anakofanyia kazi mtuhumiwa. Karatasi na kalamu, ruhusa ya kwenda hospitali, mgeni wa kuonana naye, bahasha ya barua, vyote vinapita kwao. Hoja yangu: malalamiko ya aina hii yasianzie kwa mkuu wa gereza hata kidogo. Nipingeni.

Afande Mstaafu

Nakupinga, ndugu yangu. Mfungwa hatoki getini bila amri ya mkuu wa gereza na askari wa kumsindikiza. Ukimwambia anyamaze mpaka ndugu waje siku ya kutembelea, au mpaka Tume ya Haki za Binadamu ije kukagua, umempotezea tiba. Mkuu wa gereza anaweza kumtoa usiku huohuo. Mtuhumiwa ni askari mmoja, na sheria imempa mkuu huyo mamlaka juu yake. Tusidhani kila mwenye nyota begani ni mshirika.

Tena, adhabu za kinidhamu hazizuii kesi ya jinai. Askari anaweza kushtakiwa kazini na mahakamani kwa tukio hilohilo.

Nesi wa Pasiansi

Kwenye saa afande yuko sahihi, ila niziweke hesabu sawasawa, maana watu huzichanganya. Dawa kinga ya VVU ianze mapema iwezekanavyo na isivuke saa 72 tangu tukio, kisha imezwe kila siku kwa siku 28. Dozi ikianzishwa hospitali halafu ikakatika kwa sababu hakuna wa kumpelekea vidonge selo, ni kama hakuanza. Anayemsindikiza arudi na dozi yote, au ijulikane nani ataifuata na siku gani. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura mwisho wake ni saa 120, na inafanya kazi vizuri zaidi akiimeza mapema. VVU hupimwa siku hiyohiyo, kisha hurudiwa baada ya wiki 6 na miezi 3. Kaswende na homa ya ini aina ya B zisisahaulike.

Ushahidi nao una mambo yake. Asioge, asijisafishe ndani, asibadilishe nguo. Ikibidi abadilishe, kila nguo ikae kwenye mfuko wake wa karatasi, ile kaki ya dukani inatosha. Mfuko wa nailoni unatoa jasho, nguo inaota ukungu na vinasaba vinaharibika. Nguo mbichi ianikwe kivulini kwanza, ndipo ifungwe na kuandikwa tarehe, saa na jina la aliyeifunga. Gerezani sare ikishakwenda kufuliwa pamoja na za wengine, basi tena.

La mwisho: asipimwe na mganga wa zahanati ya gereza peke yake. Simaanishi ni mwongo. Naye ni mtumishi wa jeshi hilohilo, na siku ya ushahidi atahojiwa hapo kwanza. Hospitali za Sekou Toure na Bugando ziko humuhumu mjini.

Sangara Mkavu

Sasa hapo si mnakubaliana? Aanzie ndani kwa ajili ya tiba, nje kwa ajili ya kesi.

Jiwe Juu ya Jiwe

Hapana, mkuu. Ukianzia ndani, wa ndani ndiye anaandika taarifa ya kwanza. Ikiandikwa "mfungwa amelalamika maumivu ya tumbo", umeshajifunga.

Wakili wa Makoroboi

Mleta mada amegusa penyewe. Mahakama ya Rufani katika Selemani Makumba (2006) ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa mwathirika mwenyewe, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu kutia hatiani kwa neno lake peke yake likiaminika. Kwa hiyo vita yote iko kwenye kuaminika. Na katika Marwa Wangiti Mwita (2002) mahakama hiyohiyo ilisema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi. Upande wa utetezi utauliza: ulikaa wiki tatu, mbona hukumtaja?

Kuchelewa hakuui kesi. Kuchelewa kusikoelezwa ndiko kunakoua. Maelezo yake polisi yaseme alimwambia nani kwanza, awe mfungwa mwenzake, nyapara au nesi, siku gani, na kwa nini hakuweza kumwambia mwingine. Yaseme nani alikuwa na funguo za upande wa wanawake zamu hiyo. Mpelelezi aombe mapema daftari la zamu na kitabu cha geti, kabla kurasa hazijaanza "kulowa mvua".

PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, inaangusha kesi kwa makosa madogo mno. Inapokelewa kama kielelezo halafu haisomwi kwa sauti mahakamani, au mshtakiwa haelezwi haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Kwenye rufaa inafutwa kwenye kumbukumbu. Dawa yake ni daktari aje mwenyewe atoe ushahidi wa mdomo, ili karatasi ikifutwa maneno yake yabaki. Na daktari aandike alichokiona. Asiandike "hakuna michubuko, hivyo hakubakwa", kwa sababu kifungu cha 130(4) kinasema alama za kujitetea si lazima.

Dagaa wa Mwaloni

Naomba niwe mbaya kidogo. Mfungwa hana cha kupoteza. Akimchukia askari, au akitaka kuhamishwa gereza, si anamsingizia? Na wengine wanakubaliana wenyewe, sabuni na sukari zinaingia. Huo nao ni ubakaji?

Wakili wa Makoroboi

Kaka, kusingizia kunapimwa kama katika kesi nyingine yoyote, kwa maswali ya utetezi. Na gereza lina kitu ambacho mtaani hakuna. Mwanamke aliyeingia miezi 14 iliyopita, na leo ana mimba ya miezi 5, hakuipata nyumbani. Vipimo vya vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na havina chuki na mtu.

Swali lako la sabuni ndilo gumu, na hapo sheria yetu ina doa. Kifungu cha 130(3) kimemtaja mtumishi wa gereza, lakini bado kinasema "kumbaka", kwa hiyo wakili wa utetezi anapata upenyo wa kusema aliridhia. Kifungu cha 130(2) kinaziba sehemu ya upenyo huo: ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au hofu ya kuumizwa si ridhaa. Kinataja pia aliye kwenye kizuizi kisicho halali, ila mfungwa wetu yuko kwenye kizuizi halali, hivyo maneno hayo hayamsaidii. Sabuni si kitisho kwa lugha ya kawaida. Kwa mtu aliyefungiwa, asiye na pa kununua nyingine, mimi naona ni kitisho, ila lazima nimshawishi hakimu.

Mgeni wa Kisumu

Huku kwetu Kenya doa hilo lilizibwa mwaka 2006. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinasema msimamizi wa jela au mahali pengine pa kizuizi akitumia cheo chake kumshawishi mfungwa walale pamoja, hata kama haikufika kuwa ubakaji, anafungwa miaka isiyopungua 10. Hakuna haja ya kubishana kama alikubali. Nashangaa nyinyi hamjaiga.

Msaidizi wa Kisheria, Igoma

Asante jirani. Mpaka tuige, mlango upo: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamnasa mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu haki au upendeleo. Hapo ridhaa haiulizwi, kinachoulizwa ni sharti. Adhabu ndogo: faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Ila TAKUKURU, wanaosimamia sheria hiyo ya rushwa, hawako chini ya Magereza, na hilo lina uzito wake.

Dagaa, kuna wanaosahaulika kwenye mjadala huu: wanaoshikwashikwa au kuingiziwa vitu wakati wa upekuzi, na wanaodhalilishwa na wafungwa wenzao wa kike. Kwa sheria yetu kubaka ni kosa la mwanaume kwa mwanamke, kwa hiyo ukiandika "kubakwa" kwenye hati, kesi inakufa siku ya kwanza. Linaloangukia hapo ni unyanyasaji mkubwa wa kingono, kifungu cha 138C, kifungo cha miaka 15 hadi 30.

Jiwe Juu ya Jiwe

Turudi kwenye mada. Aanzie wapi?

Msaidizi wa Kisheria, Igoma

Inategemea ni mahabusu au mfungwa, na hili halisemwi vya kutosha. Mahabusu anapanda karandinga kwenda mahakamani kesi yake inapotajwa, na kwa kawaida kati ya kutajwa na kutajwa tena hazipiti wiki mbili. Siku hiyo anyooshe mkono mbele ya hakimu na kusema wazi: "Mheshimiwa, nina malalamiko ya kudhalilishwa nikiwa mahabusu, naomba yaandikwe kwenye mwenendo." Sentensi moja tu. Asitoe maelezo marefu pale, ukumbi umejaa watu. Akimaliza, aombe hakimu aamuru apelekwe hospitali na polisi wa Dawati la Jinsia wamwone. Kuna mwandiko wa hakimu, kuna tarehe, na hakuna askari wa kuichana karatasi hiyo.

Aliyekwisha kuhukumiwa hana nafasi hiyo. Yeye anategemea ndugu. Ndugu yeyote anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kufungua taarifa na kuchukua namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, halazimiki kuwa shahidi wa tukio. Polisi wakisuasua, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu mtu kupeleka malalamiko moja kwa moja kwa hakimu, hata kwa mdomo. Nakala iende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina tawi hapa Mwanza na mamlaka ya kuingia magereza.

Afande Mstaafu

La hakimu nakubali. Lakini magereza yaliyounganishwa na mahakama mtandao? Mahabusu anatajiwa kesi kwenye skrini, na askari amesimama naye chumba kimoja.

Msaidizi wa Kisheria, Igoma

Umenikamata, afande. Hapo aombe tu kuletwa mahakamani mwenyewe, asiseme sababu.

Bi Nyamhongolo

Na fidia? Askari akifungwa miaka 30, dada huyu anapata nini? Hiyo fidia ya kwenye hukumu askari ataitoa wapi?

Wakili wa Makoroboi

Swali zuri, mama. Ndiyo maana kuna shauri la madai dhidi ya Serikali. Kwanza notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Asitegemee kwamba barua imefika, abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku zinahesabiwa na muhuri huo. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Ukiruka kimoja, linafutwa kabla halijasikilizwa.

Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, na kuwa kifungoni hakusimamishi hesabu. Anayesubiri amalize kifungo ndipo adai, mara nyingi anakuta muda umepita. Jinai ya kubaka haina ukomo, watu huyachanganya haya mawili.

Serikali itajitetea kwamba askari alitenda uovu wake mwenyewe, nje ya kazi. Kwa hiyo usidai kosa la askari tu, dai na uzembe wa gereza. Kanuni za Nelson Mandela za 2015, kanuni ya 81, zinataka funguo za upande wa wanawake zishikwe na mwanamke, na askari wa kiume asiingie bila kusindikizwa na mwenzake wa kike. Uliza nani alimpa funguo. Swali hilo moja linaigusa taasisi.

Ombi la kikatiba lipo pia, ila Mahakama Kuu hulikataa ikiona njia nyingine inatosha. Na tangu marekebisho ya 2020 mwombaji lazima awe ameathirika mwenyewe. Asasi haiwezi kumfungulia kwa jina lake.

Dagaa wa Mwaloni

Si aende Arusha tu, Mahakama ya Afrika?

Wakili wa Makoroboi

Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda kule moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo hapohapo Arusha, lakini inataka ufungue ndani ya miezi 2.

Afande Mstaafu

Nimewasoma wote. Nabaki palepale kwenye tiba: saa 72 hazisubiri RB. Ila nakubali moja, mkuu wa gereza asiwe mchunguzi. Kazi yake iwe mbili, kumtoa hospitali na kumtoa mtuhumiwa kwenye zamu.

Jiwe Juu ya Jiwe

Amtoe mtuhumiwa, afande, si mlalamikaji. "Kumlinda" kwa kumhamishia gereza la mkoa mwingine ndiko kunakomtenga na ndugu waliofungua RB. Kanuni za Bangkok za 2010, kanuni ya 25, zinataka alindwe mara moja na uchunguzi ufanywe na chombo huru, kwa siri. Hazijasema apandishwe basi.

Bi Nyamhongolo

Na akishahamishwa tayari? Anayejua utaratibu wa kumrudisha aandike hapa chini.