Kiwanja mita 40 chini ya sheli ya zamani, Uyole: nikipimeje kabla ya kulipa?

Kiazi_Mviringo
Wakuu, salaam. Kuna kiwanja Uyole, Mbeya, nakaribia kukilipia, nijenge nyumba na kuchimba kisima kirefu cha pampu. Kipo mteremkoni, kama mita 40 chini ya sheli ya miaka mingi ambayo matangi yake yamefukiwa ardhini. Ndani kuna kisima cha kuchimba kwa mkono, kiangazi hiki maji yapo mita 7. Muuzaji ana cheti cha maabara kwamba maji ni safi. Jirani anasema mvua zikikolea, Februari na Machi, maji yananuka mafuta, kiangazi hayanuki. Nimwamini nani?

Keekee
Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Soma cheti kimepima nini. Kama ni pH, chumvichumvi, rangi na vijidudu vya kinyesi, petroli haikutafutwa kabisa. Omba kemikali za petroli zipimwe: benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, pamoja na jumla ya haidrokaboni za petroli. Kwa sheli ya kabla ya 2006 ongeza na madini ya risasi, maana petroli ya zamani ilikuwa nayo. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapo Mbeya. Ulizia kwanza kama vipimo hivyo vinafanyika hapo hapo au sampuli inasafirishwa.

Harufu ya msimu ina sababu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, ikivuja inashuka mpaka ikutane na maji ya ardhini, kisha inatandaa juu yake. Kiangazi maji yakishuka, nayo inashuka na kuacha mabaki yamenata kwenye udongo kama mafuta kwenye kikaango. Mvua zikirudi, maji yanapanda na kuyaloweka yale mabaki. Kwa hiyo pima mara mbili, Oktoba na Machi. Na maji kutonuka hakuthibitishi kitu: kikomo cha WHO cha benzeni kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, wakati pua huanza kuinasa kwenye miligramu 10 hivi.

Kisima_Kirefu
Kabla hujatoa hela ya maabara, jua maji yanaelekea wapi. Tafuta visima vitatu vilivyokaa pembetatu, vipime siku moja, alfajiri kabla watu hawajachota. Futikamba toka mdomoni hadi kwenye maji, halafu linganisha urefu wa midomo kwa mpira wa maji, ule wa mafundi ujenzi. Mfano: mdomo wa kisima A upo juu ya mdomo wa B kwa mita 1.10. Maji ya A yapo mita 7.40 toka mdomoni, ya B mita 6.90. Ukichukua mdomo wa B kama sifuri, maji ya A yapo chini kwa 6.30 na ya B kwa 6.90. Maji ya A yamezidi kimo kwa sentimita 60, yanasukuma kuelekea B. Cha tatu ndicho kinakupa uelekeo kamili.

Usitegemee mteremko wa macho peke yake. Huku kuna tabaka za pumisi, vile vijiwe vyepesi vya volkano. Tabaka hilo likilala katikati ya mfinyanzi, mafuta yanalifuata kama mfereji, hata kama uso wa ardhi unateremkia kwingine.

Kiazi_Mviringo
Asante. Sampuli naweza kubeba kwenye chupa ya maji ya dukani?

Keekee
Hapana, plastiki inanyonya na kupitisha hizo kemikali. Maabara wakupe vichupa vya kioo vya mililita 40 vyenye matone ya asidi ndani, usivisuuze. Jaza taratibu mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, pindua, gonga kwa kidole. Ukiona kipovu, chukua kichupa kingine, kwa sababu benzeni inakimbilia kwenye kile kipovu. Kaa navyo kwenye barafu, nyuzi 4 hivi, na vipimwe ndani ya siku 14.

Udongo nao: toboa mashimo matatu upande wa sheli kwa keekee ya mkono, chukua sampuli kila nusu mita. Tia kidogo kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa, acha itulie. Ukiona utando wa rangi za upinde wa mvua, uguse na kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo, mara nyingi ni bakteria wa chuma, wa kawaida tu. Ukifunguka na kujirudi, ni mafuta. Ukimaliza, ziba mashimo kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, si mchanga, usije ukawachimbia mafuta njia.

Gangilonga
Kamwene. Hicho kisima kirefu unachotaka kuchimba ndicho kinachonitia wasiwasi. Pampu ikifanya kazi kutwa inavuta maji ya pande zote, na mafuta yaliyokuwa yanapita mbali yanageuza njia. Kwetu Iringa kwenye mipasuko ya mwamba ni kubaya zaidi, ramani ya mteremko haikusaidii. Kibali cha bodi ya maji ya bonde lenu lazima, na mchimbaji azibe kwa saruji nafasi ya nje ya bomba kwenye tabaka za juu.

Nyumba pia. Mwongozo wa 2015 wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, unataka mita 4.6 za udongo safi kati ya msingi na mafuta yanayoelea, ili bakteria wapate hewa ya kula mvuke kabla haujafika sakafuni. Kiangazi una mita 7. Machi utabaki na ngapi? Chukua kipimo hicho.

Kisima_Kirefu
Bomba la maji la plastiki nyeusi nalo lisipite kwenye udongo wenye mafuta. Petroli hupenya ukuta wake.

Kiazi_Mviringo
Muuzaji amekubali nilipe theluthi, salio baada ya majibu ya Machi, iandikwe mkatabani. Jumamosi napima visima. Nitashusha taa kwanza kuona kama kina hewa.

Keekee
Taa hapana! Desturi hiyo achana nayo hapo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama kisimani, na taa inauwasha. Usivute sigara karibu, na mtu asishuke ndani hata akifungwa kamba. Futikamba pekee ndiyo ishuke.