Ukoo wa Bi Mwanajuma 🌴: nyoka wa Hamisi

JUMATANO

Shangazi Mwanaisha 18:52
Assalaam alaykum nyote. Khitma ya marehemu Mzee ni Jumamosi baada ya adhuhuri, hapa hapa Gede. Mchele umefika, mbuzi wamelipiwa, sufuria kubwa tutaazima msikitini. Limebaki jambo moja na sitazunguka: Hamisi ana nyoka watatu kwenye banda la uani. Banda hilo ndilo watakalolala watoto wa Mombasa. Nataka wawe wametoka kabla ya Ijumaa jioni.

Hamisi 18:55
Shikamoo Shangazi. Ni wawili na mmoja mpya. Wamo kwenye tangi la kioo, juu kuna wavu na matofali.

Shangazi Mwanaisha 18:55
Marahaba. Wawili na mmoja ni watatu.

Athumani Likoni 18:58
Waandikiwe sahani zao za pilau basi 😂

Mama Saumu 18:59
😂😂😂 bila mifupa

Shangazi Mwanaisha 19:00
Athumani, wanaolala humo ni wanao.

Athumani Likoni 19:06
Eh. Hilo sikuambiwa.

Hamisi 19:14
Naomba mnisikilize kidogo. Hawa ni nyoka wa mti, sumu yao hafifu. Wale wawili ni wa rangi ya chungwa wenye mapande meusi mgongoni, mboni zao kama za paka. Mchana wamelala, wanatoka usiku kutafuta mijusi kafiri. Meno ya sumu yako nyuma kabisa mdomoni, kazi yake ni kumlegeza mjusi. Akimuuma mtu mzima panauma na kuvimba kidogo, basi. Hapa kwetu kila nyoka ni wa kuuawa. Hawa niliwatoa kwenye makuti ya jirani, mwenyewe ameshashika panga. Ningewaacha?

Shangazi Mwanaisha 19:17
Sijasema ungewaacha wauawe. Nimesema watoto hawalali na nyoka. Na huyo wa tatu ni yupi?

Hamisi 19:19
Wa mti pia. Mwembamba kama kijiti, rangi ya gome. Mpole kuliko wote, namshika hata kwa mkono mtupu.
[Picha]

Mama Saumu 19:20
Yallah salaam. Nimefunga macho.

Athumani Likoni 19:22
Amekonda huyo. Hamisi humlishi, unamfungisha Ramadhani 😂

Ami Rashidi 19:40
Mbuzi wamelipiwa kwa shilingi ngapi? Sijaona hesabu.

Shangazi Mwanaisha 19:41
Hesabu nimeibandika jana, Ami. Panda juu uitafute. Sasa nangoja majibu ya nyoka. Humu tuko watu wengi na naona tiki za buluu tupu.

Shangazi Mwanaisha 20:30
Jamani.

Omari wa Msituni 21:43
Nimetoka msitu wa Arabuko sasa hivi, huko ndani mtandao hakuna. Hamisi, USIFUNGUE hilo tangi. Usimlishe, usimguse. Vuta ile picha uangalie jicho la huyo mwembamba: mboni imelala, ina umbo la tundu la ufunguo. Wale wengine mboni zimesimama. Ulimi wake mwekundu, ncha nyeusi, sivyo?

Athumani Likoni 21:45
Tundu la ufunguo wa nyumba gani tena 😂

Mama Saumu 21:46
Wa gari la Ami Rashidi, lile lisilowaka 😂

Ami Rashidi 21:49
Naona nimeanza kutajwa.

Mama Saumu 21:50
Utani tu Ami.

Ami Rashidi 21:52
Si utani. Kila mkikaa ni gari. Betri ilikuwa imekufa, nililisema mbele ya Mzee mwenyewe.

Mama Saumu 21:55
Na Jumapili yake ikafufuka, ikaenda arusini Malindi. Na Swalehe ameumwa na kifutu, amelala na mkono kama gunia. Haya, nimenyamaza.

Ami Rashidi 21:56
Hujanyamaza. Miaka yote hujanyamaza.

Hamisi 21:57
Omari, ndiyo, ulimi ni mwekundu wenye ncha nyeusi. Kwa nini?

Shangazi Mwanaisha 21:58
NYAMAZENI NYOTE. Omari sema.

Omari wa Msituni 22:06
Huyo ni nyoka-kijiti, Waingereza humwita twig snake, na si wa sumu hafifu. Meno yake yako nyuma kama ya hao wengine, ndiyo maana watu huwachanganya kapu moja, lakini sumu yake huzuia damu isigande. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni huoni kitu. Unaumwa asubuhi, unakula chakula cha mchana, unacheka. Halafu ufizi unatoka damu, kidonda cha zamani kinafunguka, mkojo unageuka mwekundu. Na dawa ya kuzuia sumu yake haipo. Si kwamba haijafika Malindi au Mombasa, haijatengenezwa popote. Bumslangi, nyoka mwingine wa mti ambaye naye yuko kwenye miembe yetu, ana dawa yake inayotengenezwa Afrika Kusini. Huyu hata hiyo haimfai. Utaongezewa damu na kuombewa.

Hamisi 22:09
Lakini hajanijaribu hata mara moja.

Omari wa Msituni 22:15
Kwa sababu ni mpole kweli, hapo hukukosea. Anategemea kujifanya kijiti, siku nzima tawini hatikisiki, mpaka kinyonga au mjusi apite. Akianza kuvimbisha shingo ujue amechoka na wewe. Nikupe habari moja. Kulikuwa na Mjerumani, Robert Mertens, bingwa wa wanyama watambaao, maisha yake yote ni kazi hiyo. Alimfuga nyoka wa jamii hii. Akawa anamlisha, akaumwa. Alikaa siku 18 akijiona anavyokwenda, akafa, 1975. Kabla yake, 1957, Karl Schmidt wa Chicago aliumwa na bumslangi mchanga. Akaona mtoto huyu ataniweza wapi, hakwenda hospitali. Kesho yake alikufa. Hao ni watu waliowajua nyoka kuliko mimi na wewe.

Mama Saumu 22:17
Innalillahi.

Athumani Likoni 22:20
Hamisi ndugu yangu, funga banda. Sicheki tena.

Shangazi Mwanaisha 22:21
Hamisi, umefunga?

Hamisi 22:34
Nimefunga. Nimeweka kufuli.

ALHAMISI

Fatma Doha 06:12
Ndio natoka zamu. Nimekuta jumbe chungu nzima. Nani ameumwa?? Nijibuni

Shangazi Mwanaisha 06:15
Hakuna aliyeumwa mdogo wangu. Tunazuia.

Fatma Doha 06:16
Alhamdulillah. Moyo umeniruka. Nimetuma elfu 5 za mchele.

Shangazi Mwanaisha 06:17
Mchele ulishalipiwa. Zitatafutiwa kazi.

Shangazi Mwanaisha 06:40
Nauliza tena kwa yeyote aliye macho: leo anakwenda nani pale bandani na Hamisi? Mimi niko sokoni Malindi hadi alasiri.

Swalehe 09:28
Nimesoma yote. Mkono unaosemwa ni wangu, basi nami niseme. Kilichonimaliza si kifutu peke yake. Nilifungwa kamba mkono mpaka ukawa mweusi, nikachanjwa kwa wembe, nikabandikwa jiwe jeusi linalosemwa hunyonya sumu, tukalingoja lidondoke, saa zinapita. Hospitali daktari alipofungua ile kamba alitikisa kichwa. Hamisi, na nyinyi wenye watoto, shikeni hili: mtu akiumwa na nyoka yeyote hafungwi kamba, hachanjwi, hanyonywi. Anatulizwa, anavuliwa pete na saa, mkono haushughulishwi, anapelekwa hospitali hata kama hajisikii vibaya. Kwa huyu wa Omari, hasa kama hajisikii vibaya. La gari sikumtuma mtu anisemee.

Mama Saumu 09:35
Samahani Swalehe.

Ami Rashidi 09:50
Ahsante mwanangu.

Hamisi 10:02
Kaka Swalehe nimekuelewa. Huyo mwembamba nakubali atoke. Lakini wale wawili Omari amesema mwenyewe ni hafifu. Si naweza kuwahamishia chumbani kwangu mpaka khitma iishe?

Shangazi Mwanaisha 10:03
La.

Omari wa Msituni 10:11
Hata hao, mnyama wa porini hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi. Na nikuulize, kila usiku unawatafutia mijusi hai? Panya ukiwapa, nyoka wa aina hiyo wengi hawataki hata kumtazama. Nyoka wa mti kwenye tangi la samaki anakaa amejikunja pembeni, unadhani ametulia, kumbe anadhoofika. Ukitaka kuwa nao kweli, hapo Watamu kuna Bio-Ken, shamba la nyoka alilolianzisha James Ashe 1980. Nenda ukaombe kujifunza. Huko utashika fimbo ya ndoano kabla ya kumshika nyoka.

Hamisi 10:14
Wataniajiri mimi, bila cheti?

Omari wa Msituni 10:15
Sijasema kuajiri. Nimesema kujifunza.

Athumani Likoni 10:30
Na wakija kuchukua nyoka wanalipisha?

Omari wa Msituni 10:32
Hawalipishi. Nitawapigia.

Ami Rashidi 10:41
Kwa nini tuwaite watu na magari yao uani siku ya khitma? Apigwe fimbo moja huyo mwembamba, yaishe. Ni dakika.

Hamisi 10:41
Ami tafadhali.

Mama Saumu 10:43
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Ami.

Omari wa Msituni 10:44
Kumwendea nyoka na fimbo ndiyo njia mojawapo ya kuumwa.

Ami Rashidi 10:46
Wewe una uchungu na nyoka, mimi nina uchungu na wajukuu.

Saumu 11:20
Bibi amesikilizishwa yote tangu jana. Amesema niandike maneno yake kama alivyoyatamka, nisipunguze.

Saumu 11:27
"Hii ni nyumba ya Mzee. Nyoka asiuawe humu. Mwembe ule una nyoka tangu mimi ni bi harusi, na Mzee alikuwa akisema wapisheni, na mtu hakuumwa. Lakini Mzee hakumtia nyoka ndani ya kioo. Mwenye mti arudi mtini. Hamisi, una huruma, umeitoa kwa babu yako. Sitaki kukuzika. Usiniletee kesi ya wawili na mmoja, wote ni watatu. Rashidi, na wewe Mama Saumu, la gari niliwasamehe siku ile ile nyinyi nyote, hata wale mnaojifanya halikuwahusu. Jumamosi tunamsomea Mzee. Asilitaje mtu."

Ami Rashidi 11:58
Tumesikia mama.

Mama Saumu 12:01
Tumesikia.

Athumani Likoni 12:02
Tumesikia Bibi. Shikamoo.

Swalehe 12:40
🤲

Fatma Doha 15:17
Nimelia hapa kazini.

Shangazi Mwanaisha 16:05
Nimerudi. Bibi amemaliza. Sasa tupange: Omari, umewapigia?

Omari wa Msituni 16:31
Nimewapigia, simu iliita haikushikwa. Nitajaribu tena jioni. Nikikosa nitapita mwenyewe asubuhi kabla ya zamu.

Shangazi Mwanaisha 16:32
Wewe una vifaa?

Omari wa Msituni 16:38
Kwa wale wawili, ndiyo, nitawaachia kule kule walikotoka, mbali kidogo na makuti ya jirani. Kwa huyo mwembamba sitajidai. Huyo ni wa watu wenye ndoano na mazoezi.

Shangazi Mwanaisha 16:39
Na wasipopatikana hadi Ijumaa jioni?

Ami Rashidi 16:50
Watoto walale kwangu.

Mama Saumu 16:52
Kwako hakuna chandarua, na mbu wa huko twawajua.

Athumani Likoni 16:55
Basi sisi tuje Jumamosi alfajiri, tusilale kabisa?

Shangazi Mwanaisha 16:56
Hapana, mama zao wanahitajika jikoni Ijumaa usiku. Vitunguu havijimenyi. Fatma, zile elfu 5 nanunua vyandarua, umeridhia?

Shangazi Mwanaisha 17:20
Hamisi, ufunguo wa kufuli uko kwa nani? Bibi asiwe anapita na taa pale nje kutafuta kuku.

Hamisi 18:47
Uko kwangu. Omari, ukija asubuhi niamshe, nataka kuona unavyowaachia.

Shangazi Mwanaisha 18:48
Na huyo mwembamba?

Shangazi Mwanaisha 19:15
Omari, simu imeshikwa?