Ukomo wa TFSA urudi dola 10,000? Mi napinga, njooni tubishane

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Nipo Kanada tangu 2023, naona wengi mnashangilia wazo la kurudisha ukomo wa kuweka hela kwenye TFSA uwe dola 10,000 kwa mwaka. Kwa wasioijua, ni akaunti ya akiba isiyokatwa kodi, ilianza 2009, unaweka hela iliyokwisha katwa kodi, ikizaa humo haiguswi, ukitoa haiguswi. 2015 serikali ya Harper ikapandisha ukomo kutoka 5,500 hadi 10,000, akaja Trudeau akaurudisha palepale kuanzia 2016, na 2025 ulikuwa 7,000.

Mi nasema hiyo 10,000 ni ya watu ambao kapu lao limeshajaa. Jamaa ninayepiga naye shifti alishafika miaka 18 wakati inaanza 2009, mpaka mwisho wa 2025 nafasi yake jumla, yaani ukomo wa kila mwaka ukijumlishwa, ni 102,000. Mimi inahesabiwa tangu mwaka niliotua, 20,500 basi. Na kuijaza hiyo ndogo yenyewe kazi, maana mbeba boksi kila mwisho wa mwezi simu inaita, ada ya mdogo wangu, bati za nyumba ya mama, kamati ya harusi inadai mchango!

Af kuna kidonda changu. 2024 nafasi yangu ilikuwa 13,500, nikaijaza yote kwa ovataimu. Machi mama akalazwa, nikatoa 4,000. Julai nikapata hela nikazirudisha, nikijua ni zangu si ndo hizo hizo. Kumbe ukitoa, nafasi inarudi Januari ya mwaka unaofuata! Faini 1% kwa mwezi, dola 40 mara miezi sita, 240 zikaenda. Uzembe wangu, sikusoma.

Mdau wa Edmonton:
Pole kwa faini mkuu, ila hapo kwingine umechemsha. Nafasi usiyoitumia haipotei, inasogea mbele. Sasa ukomo ukipanda, huyo jamaa yako anaongezewa kitu kidogo juu ya laki yake, wewe wa juzi kapu lako linakua haraka. Siku ukiuza kiwanja huko nyumbani, hela utaziweka wapi?

Dada wa Ottawa:
Mnabishania ukomo wakati wengi wenu benki wamewaingiza kwenye RRSP, akaunti ya akiba ya uzeeni, mkasaini tu. RRSP inakupunguzia kodi leo, unakuja kuilipa siku ya kutoa. Mie nafanya kazi nyumba ya wazee, nawaona. Mzee mwenye kipato kidogo anapewa GIS, ile nyongeza ya serikali, sasa akichota RRSP inahesabiwa kipato na nyongeza inapungua. Akichota TFSA haihesabiwi. Mshahara wako mdogo? Anza na TFSA, mengine baadae.

Mpwani:
Na sisi tusiotaka riba je? Hilo halimo kwenye mada kabisa.

Mdau wa Edmonton:
@Mpwani akaunti ni kapu tu ndugu, si lazima ukae na riba ya benki, unaweza nunua hisa humo humo, chagua kampuni unazoona ni halali. Angalia tu hisa za Marekani, gawio lake Wamarekani wanakata 15% kwenye TFSA, hilo kapu halizuii.

Mpwani:
Shukran. Na ukirudi nyumbani moja kwa moja?

Dada wa Ottawa:
Inabaki, ila usiweke senti mpya ukishakuwa siyo mkaazi, ni faini ile ile ya 1% kwa mwezi. Na mtu wa kodi wa huko kwenu anaweza asiitambue kabisa.

Mleta mada:
@Edmonton hapo kwenye kukua haraka umenibana, sikuiwazia hivyo. Ila nafasi kubwa bila hela ni kapu tupu, hilo hamjanijibu. Mchezo tunaocheza kazini zamu yangu ni Novemba, dola 3,000, nilitaka zote ziingie kwenye TFSA, lakini nahisi mama keshasikia.