Siku ya kura: turudi Jumapili au tubaki Jumatano?

Mkulima wa Isyonje
Wana Nyanda za Juu, nauliza kwa nia njema. 2010 tulipiga kura Jumapili, 31 Oktoba. 2015 Jumapili tena, 25 Oktoba. 2020 tukahamishiwa Jumatano, na serikali za mitaa 2024 Jumatano, na 2025 Jumatano. Wanasema ni siku ya mapumziko. Mapumziko ya nani? Mwenye mshahara analipwa akiwa amelala. Mimi lori la viazi likipangwa Jumatano nisipopakia linahamia kwa jirani. Jumapili ilikuwa siku yetu sote.

Mzee wa Kanisa, Rungwe
Hapana ndugu yangu, Jumapili haikuwa ya wote. 2015 kwetu ibada ilisogezwa ikaanza saa 12 asubuhi, giza bado, mvua ya manyunyu. Kwaya iliimba wimbo mmoja tu. Wakatoka na majoho yao hadi kituoni, msimamizi akawaambia wakavue, eti watu watadhani ni sare ya chama. Mama mmoja wa sauti ya pili alilia. Siku sita zote zipo, kwa nini tuichukue ya Bwana?

Mwenye Bajaji, Kabwe
Basi iwe Jumamosi, biashara imeisha.

Msabato wa Kyela
Na sisi tuende wapi kaka?

Mwalimu, Mafinga
Nawaheshimu wakulima, lakini tuseme kweli. Viazi haviozi kwa siku moja. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, saa tisa nzima, mtu anakosaje nafasi? Rais na mbunge unakaa nao miaka 5. Lumbesa itasubiri.

Binti wa Isyonje
Mwalimu, shikamoo. Hilo la lumbesa umelisema kama vile ni sisi tunaoitaka. Umewahi kusimama kwenye lumbesa? Gunia linajaa, halafu linaongezwa kichwa, kinafumwa kwa kamba hadi linakuwa refu kuliko mdogo wangu wa darasa la tatu. Sheria ya vipimo inasema mwisho kilo 100. Tunalipwa gunia moja. Na viazi vikipigwa jua vinageuka kijani, mnunuzi anavitupa pembeni mbele ya macho yako. Siku moja ni nyingi, mwalimu.

Mwalimu, Mafinga
Marahaba. Sikumtukana mtu. Ila sheria ya kilo 100 ipo na bado mnajaza. Kataeni!

Dalali Uyole
Hapo mwalimu umepatia. Kila siku dalali, dalali. Anayeshika sindano ya kufumia ni mkulima mwenyewe. Mimi sijawahi kumfumia mtu gunia.

Binti wa Isyonje
Ukikataa unaambiwa "bakia nayo." Nani anabaki na viazi vya ada ya shule? Baba yangu alikataa mara moja. Tulikula viazi hadi tukavichukia, na mdogo wangu alirudishwa nyumbani mara mbili. Dalali usiniambie habari za sindano.

Dalali Uyole
Pole kwa hilo, dada. Lakini na mimi nina watoto.

Mkulima wa Isyonje
Jamani mada ni siku ya kura.

Kijana wa Iringa
Kamwene. Mnavyosema Jumatano imeanza 2020 si kweli. 2005 tulipiga Jumatano pia. Nadhani serikali ilikuwa inajaribu.

Mzee wa Kanisa, Rungwe
Haikuwa majaribio, mwanangu. Ilikuwa iwe Jumapili 30 Oktoba, mgombea mwenza wa CHADEMA akafariki siku chache kabla, ikasogezwa hadi 14 Desemba. Ndiyo ikaangukia Jumatano. Mimi nilikuwa wakala wa kituo, nakumbuka tulivyorudishwa nyumbani.

Mama Tunduma
Mnabishana siku wakati jirani zetu walishamaliza. Wazambia wameandika kwenye katiba: Alhamisi ya pili ya Agosti. Wakenya Jumanne ya pili ya Agosti. Malawi 2025 walipiga Jumanne. Mtu wa Nakonde, hapo ng'ambo Zambia, akipanda mahindi anajua mwaka ule atapiga kura lini. Sisi tunasubiri Tume itangaze tarehe ndipo tupange safari. Ningependa yetu iandikwe, iwe siku yoyote.

Mwalimu, Mafinga
Mama, siku yoyote hapana. Jumatano shule zinafungwa na madarasa ndiyo vituo. Jumapili wanafunzi hawapotezi kipindi.

Mkulima wa Isyonje
Kumbe mwalimu nawe ni wa Jumapili! Ulinipinga ya nini?

Mwalimu, Mafinga
Nilipinga viazi, si Jumapili.

Kibarua wa Chai, Mufindi
Mimi sijui kama nyie mnaongea na mimi. Nimejiandikisha Makete, nafanya kazi Mufindi. Kura unapiga pale jina lako lilipo. Jumatano: Jumanne nachuma hadi jioni, Alhamisi saa 12 niwe shambani na kikapu. Makete kwenda na kurudi kwa siku moja, hiyo barabara mnaijua, na Oktoba mwishoni mvua ikianza ndiyo kabisa. Jumapili ningeondoka Jumamosi mchana baada ya kupima majani. 2015 nilifanya hivyo, nikalala kwa mama, asubuhi tukaenda naye foleni nimemshika mkono. 2020 sikupiga. 2025 sikupiga.

Mwenye Bajaji, Kabwe
Si ungehamisha taarifa zako kwenye daftari wakati wa uboreshaji?

Kibarua wa Chai, Mufindi
Uboreshaji ulipokuja nilikuwa shambani.

Binti wa Isyonje
Kaka wa Mufindi, kikapu chenu cha majani mnapimiwa kwa mizani au kwa macho?

Kibarua wa Chai, Mufindi
Mizani. Lakini mizani wanaisoma wao.

Dalali Uyole
Sasa tuanze na huyo wa mizani.