Shoga yangu amekalia masufuria ya marehemu mama na sasa anayakodisha. Sheria inanisaidiaje? (Tanga)

Binti_Makorora:
Assalaam alaykum na habari za jioni ndugu zangu. Niko Makorora, Tanga. Naomba mnisome mpaka mwisho, siku ya nne leo usingizi sina.

Mfunguo mosi wa mwaka jana shoga yangu, tumekua pamoja tangu chuoni, alikuwa anamuoza mdogo wake. Akaja kuazima vyombo vya shughuli: masufuria 3 makubwa, lile kubwa kabisa linapika kilo 25 za mchele, masinia 20, majamvi 2 na miiko yake. Vyombo ni vya marehemu mama. Alivinunua kwa pesa za mchezo, kila zamu yake ikifika anaongeza kimoja. Sikumtoza hata shilingi. Hatukuandikishana, ila ninao ujumbe wake wa WhatsApp: "Da, J3 baada ya harusi navirudisha vyote, nishavihesabu."

Tangu hapo mara gari hakuna, mara mume kasafiri, mara vimefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko Korogwe.

Wiki iliyopita nimekwenda khitma Duga. Watu walipomaliza kula nikasogea uani kusaidia kuosha. Nimeinamisha sufuria nikwangue ukoko, vidole vikapita chini ya sikio, nikahisi vitundu vya msumari. Mama alimpelekea fundi bati amgongee herufi za jina lake, nukta moja moja. Na sikio la pili lina ribiti ya shaba, kwa sababu niliwahi kuliangusha lile sufuria nikiwa darasa la tano, likang'oka. Nikawauliza wenyeji, wakasema wamekodi, 15,000 kwa kila sufuria kwa siku, wakamtaja shoga yangu kwa jina. Nikakaa chini pale pale kwenye maji.

Nimempigia, akanyamaza kwanza, halafu akasema: "Mama alishanipa hivyo kabla hajafa, wewe ndiyo hujui." Jana nimekwenda polisi nikaambiwa hilo ni la madai, siyo jinai. Ni kweli? Naweza kwenda kuvichukua mwenyewe? Hela ya wakili sina.

Mwana_wa_Pongwe:
Pole sana dada. Kwangu mimi chako ni chako. Kodi kirikuu, chukua vijana wawili wenye nguvu, nendeni asubuhi mapema mbebe. Atakwenda kukushitaki kwa lipi?

Ukhty_Ngamiani:
Dada, hilo usilifanye, nakuomba. Kaka yangu alikwenda kuchukua cherehani lake mwenyewe nyumbani kwa mtu. Katika vuta nikuvute mlango ukavunjika. Aliyefunguliwa kesi ni yeye, kuingia kwa jinai na kuharibu mali, na cherehani likabaki kituoni kama kielelezo. Aliyekuwa mwizi akakaa kwenye benchi kama mlalamikaji. Nyumba ya mtu ni ya mtu hata kama ndani mna kitu chako.

Msaidizi_wa_Sheria_TA:
Binti_Makorora, pole kwa msiba wa mama na kwa hili. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, kazi hii inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yetu ni bure, kwa hiyo suala la wakili lisikutishe.

Kwanza, kutokuandikishana hakukuondolei haki. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Na ule ujumbe ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu upokelewe mahakamani. Usiufute, na hiyo simu usiiuze wala kuibadilisha. Skrinshoti piga, lakini simu yenyewe ndiyo ya kwenda nayo. Angalia maneno yake: "navirudisha vyote". Mtu aliyepewa kitu kikawa chake harudishi. Kwa mkono wake ameshavunja hadithi ya kwamba mama alimpa, maana ujumbe kautuma mama keshafariki. Au siyo?

Pili, Sheria ya Mikataba ina sehemu nzima inayohusu kitu kilichokabidhiwa kwa mwingine. Kitu kilichoazimwa bure, mwenyewe anaweza kukidai wakati wowote, na muda mliokubaliana ukipita bila kurudishwa, kikipotea au kikiharibika ni juu ya aliyeazima. Hata sinia likipasuka leo kwa bahati mbaya, linamhusu yeye, kwa sababu Jumatatu yenu imeshapita. Tena uliazimisha kwa harusi, siyo kwa biashara. Hela anayopata kwa kukodisha una haki ya kuidai.

Kuhusu polisi, hawakukudanganya, ila hawakumaliza. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoeleza wizi, hakimgusi tu anayechomoa kitu, kinamgusa pia aliyekipokea kihalali kisha akakigeuza chake kwa ulaghai. Shida ni kwamba anadai alipewa. Akionekana anaamini hivyo kweli, jinai inalegea. Ukisikia anauza, rudi polisi siku hiyo hiyo. Kwa sasa njia yako ni madai.

Binti_Makorora:
Ndiyo, mama alifariki miezi 5 kabla ya harusi ile. Nimeusoma tena ujumbe kwa macho mengine. Sasa naanzia wapi?

Msaidizi_wa_Sheria_TA:
Anza na barua. Usiandike matusi wala historia ya urafiki wenu. Andika hivi: "Tarehe fulani ulichukua kwangu kwa kuazima vyombo vifuatavyo," orodhesha idadi na alama zake, zile herufi za msumari na ribiti ya shaba uzitaje, "ukaahidi kuvirudisha Jumatatu baada ya harusi. Nakutaka uvirudishe nyumbani kwangu ndani ya siku 14. Usipofanya hivyo nitakwenda kwenye vyombo vya sheria kudai vyombo au thamani yake pamoja na fidia." Nakala mbili. Nenda na mjumbe wa mtaa wako, shoga yako asaini nakala yako. Akikataa, mjumbe aandike kwamba barua imefika na imekataliwa. Umtumie na kwenye simu pia.

Barua hiyo ndiyo itakayokubeba mbele. Watu wengi wanafika kwetu na miaka ya kuombana kwa mdomo, hawana hata siku moja wanayoweza kusema "siku hii nilidai, akakataa".

Karani_Mstaafu:
Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, niongeze machache. Siku 14 zikipita, una Baraza la Kata na Mahakama ya Mwanzo. Baraza kazi yake ni kupatanisha, mawakili hawaruhusiwi, na kwa watu waliokula sahani moja mara nyingi huishia hapo. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa hiyo masufuria yako yanaingia bila wasiwasi. Ada ya kufungua utaulizia dirishani. Atapelekewa samansi, yaani wito wa mahakama. Usiporidhika na hukumu, rufaa ni ndani ya siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya.

Nimeona watu wakishindwa kwa mambo mawili. La kwanza ni thamani. Wanasema "vyombo vyangu vya gharama", hakimu anauliza shilingi ngapi, kimya. Pita madukani barabara za Ngamiani, omba profoma, yaani karatasi ya bei ya duka, ya sufuria la ukubwa ule na masinia. La pili ni mashahidi. Wale wa Duga waliokodi ni dhahabu kwako, waombe leo kwa upole wakati bado wanakumbuka walimlipa nani.

Halafu kuna jambo ambalo mwenzangu hakuligusa. Vyombo ni vya marehemu. Mlishafanya mirathi? Wewe ndiye uliyekabidhi kwa mkono wako, na madai yako yanasimama kwenye makubaliano yenu wawili. Lakini akishauriwa vizuri atauliza: wewe ni nani kwenye mali ya marehemu? Ukiwa na muhtasari wa kikao cha familia unaosema vyombo vilibaki kwako, uwe nao mkononi. Kama hakuna, ndugu zako wakae, waandike na wasaini.

Binti_Makorora:
Tuko watatu, kaka zangu wote wanajua vyombo ni vyangu. Kikao kilifanyika arobaini ya mama, sikumbuki kama kiliandikwa. Namuuliza kaka mkubwa usiku huu.

Bi_Mkubwa_Chumbageni:
Mwanangu, barua iandike, sikukatazi. Ila kabla ya mjumbe, mpitie mama yake mzazi. Sisi wa zamani tulisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hilo tunalijua, lakini mama yake huenda hajui kama binti yake anakula kodi ya vyombo vya marehemu jirani yake. Mama huyo akishikwa na haya, unaweza kuvipata bila samansi. Akikuambia na yeye "alipewa", basi usirudi tena, nenda zako kwa mjumbe.

Binti_Makorora:
MREJESHO, siku ya 19.

Ahsanteni wote, nimefanya karibu yote. Bi Mkubwa, nilikwenda kwa mama yake. Alilia, akasema hajui lolote, lakini binti hakumsikiliza. Barua nikaipeleka na mjumbe, akakataa kusaini, mjumbe akaandika. Siku 14 zikapita bila jibu. Jana tumekaa Baraza la Kata. Aliposema tena mama alimpa, mwenyekiti akamwomba asome kwa sauti ule ujumbe wake kwenye simu yangu. Alisoma mpaka kwenye neno "navirudisha", akaishia hapo. Kaka mkubwa alikuwepo na muhtasari, umesainiwa na sote watatu.

Leo asubuhi wameleta masufuria 2, masinia 14, jamvi 1 na miiko. Masinia 6 na jamvi moja amekubali kulipa kwa bei ya profoma, nusu mwisho wa mwezi huu na nusu mwezi ujao, imeandikwa barazani na amesaini. Hela za kukodisha nimeziacha kwa hiari yangu, kaka zangu hawajafurahi.

Sufuria la tatu, lile lenye ribiti, liko Muheza kwa mteja wake. Amepewa mpaka Ijumaa. Karani, lisipofika nachukua nakala ya maandishi ya baraza na kwenda nayo Mahakama ya Mwanzo Jumatatu, si ndiyo?

Karani_Mstaafu:
Ndiyo. Na nakala ya barua, profoma na simu yenyewe, ikiwa na chaji.